Nahodha wa Watazamaji Sitini

Jina lake nalijua, na hata kuliandika kwa herufi za kwao naweza, lakini sikuwahi kumwita kwa jina. Siku ya kwanza, pale uwanja wa ndege, alinipa mkono akasema kwa Kichina, "Mimi ni nahodha." Hakusema wa nini. Timu iliyomleta Toronto ilikuwa na nahodha wake tayari, fundi bomba Mjamaika, mtu mpole aliyepata cheo hicho kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa na gari la kubebea mipira. Nilimweleza mgeni jambo hilo tukiwa njiani. Alitazama nje ya dirisha, theluji ya Aprili ikiwa bado imelala kando ya barabara kuu, akasema hilo ni kosa dogo na litarekebishwa. Tangu siku hiyo nikamwita Nahodha. Mimi nilikuwa namkejeli; yeye alidhani nimemtambua.

Alizaliwa wapi hasa na ni mtoto wa nani, hayo mwulize mwingine. Mimi nilimjua akiwa na umri wa miaka thelathini na moja, beki wa kati, mabega kama kabati, ametoka Shenyang kuja ughaibuni kucheza soka la kulipwa. Kwamba alichagua Kanada kwa kazi hiyo ni jambo ambalo kwa muda mrefu nililiona kama mtu anayekwenda jangwani kujifunza kuogelea.

Mtu atauliza Mtanzania wa Mbeya alifikaje kuwa mkalimani wa Mchina huko. Serikali ilinipeleka Beijing kusomea uhandisi wa reli. Nikakaa miaka sita, wa kwanza wote ukiwa wa lugha. Nikarudi, nikafanya kazi ya reli, halafu nikahamia Toronto na mke wangu, ambako elimu yangu ilipokelewa kwa heshima kubwa na kuwekwa pembeni. Nilipata kazi katika kiwanda cha ndoo za plastiki, North York. Nyumbani niliandika kwamba bado niko karibu na reli. Haukuwa uongo. Treni za mizigo zilipita nyuma ya kiwanda kutwa nzima.

Jumamosi moja tulikwenda, mimi na Mama Neema, kutafuta zulia. Mwenye duka alikuwa Ismailia wa Upanga, Dar es Salaam, aliyekuwa akiishi Unionville. Mbele yetu mama mmoja wa Kichina alikuwa akihangaika kueleza vipimo vya ngazi zake, nami nikamsaidia. Alipoondoka, mwenye duka alinikazia macho, kisha akaniuliza kwa Kiswahili safi cha Dar, "Bwana, wewe hasa mtu wa wapi?" Tukacheka, tukataja mitaa, akatupunguzia bei ya zulia kidogo sana. Huyo ndiye Mwenyekiti. Alikuwa na timu ya mpira katika ligi ndogo ya Jumapili, ambayo kwenye karatasi iliitwa ya kulipwa, na wazo kubwa lilikuwa limemjia: Wachina walikuwa wanahamia Markham kwa maelfu, kwa hiyo akimleta Mchina mmoja uwanjani, Wachina wengine watafuata kumtazama. Majuma mawili baadaye alinipigia simu. Beki alikuwa ameshapatikana, na hakuna aliyejua kuzungumza naye.

Wachina wa Markham walikuwa wengi wao wametoka Hong Kong. Walizungumza Kikantoni, na Nahodha alikuwa hawaelewi, kama vile alivyokuwa hamwelewi Mwenyekiti. Wawili walikuja mechi ya kwanza. Wakati wa mapumziko waliinama kwa adabu na kwenda zao. Wakabaki watazamaji wetu wa kawaida, kama sitini hivi siku ya jua: wake za wachezaji, watoto wao, na mzee mmoja mstaafu mwenye mbwa. Mbwa ndiye aliyefuatilia mchezo.

Nilimtafutia Nahodha chumba katika jengo letu, Mount Dennis, kwenye barabara ya Weston, ghorofa moja juu yetu. Ndiyo maana nayajua mambo yake ya ndani. Alikuwa na jibu moja kwa maswali yote: "Mimi ni mchezaji wa kulipwa." Kwa nini hanywi maji ya barafu? Ni mchezaji wa kulipwa; alitembea na chupa yake ya maji ya moto hata Julai. Kwa nini saa mbili na nusu taa zimezimwa? Mchezaji wa kulipwa hulala. Kwa nini hawezi kumsaidia jirani kupandisha kochi? Mgongo wa mchezaji wa kulipwa si wa makochi. Wenzake katika timu walikuwa fundi bomba, wapishi wawili, mpeleka barua na mwanafunzi wa chuo, nao walifika mazoezini na vumbi la kazi zao. Yeye alifika nusu saa kabla, njumu zimesuguliwa kwa mswaki, nywele zimelowanishwa na kuchanwa, anakimbia peke yake kuzunguka uwanja wa shule ambao nusu yake ulikuwa magugu. Jioni aliloweka miguu katika beseni la maji ya moto na tangawizi. Aliniambia mara nyingi kwamba mpira ni asilimia kumi kucheza na zilizobaki ni kulala.

Alikuwa pia anavuta sigara. Tatu kwa siku, nyuma ya jengo, karibu na mapipa ya taka, kifua mbele kama askari wa gwaride. Nilipomfuma alinieleza bila haya kwamba ukivuta umesimama wima moshi haufiki kwenye mapafu. Mwezi uleule alimkemea kipa wetu mbele ya timu nzima kwa kuvuta, nami nikatafsiri neno kwa neno, macho yangu yakitazama chini.

Kuhusu baridi msimamo wake ulikuwa mkali. Baridi ya Shenyang ndiyo baridi. Hii ya Toronto ilikuwa ya chekechea. Aliyasema haya akiwa amevaa koti moja jepesi huku sisi tumejifunga kama vifurushi. Mama Neema, aliyekutana naye katika chumba cha kufulia nguo cha jengo, ndiye aliyegundua kwamba chini ya suruali huwa amevaa nyingine mbili za sufu. Alimkunjia tu zikiwa bado na joto.

Kiingereza alikikataa. Baada ya miaka miwili alikuwa na maneno manne, yote ya uwanjani, na mawili kati ya hayo hayaandikiki. Lakini Kiswahili alikipata, na sababu ni tumbo. Kila Jumapili alikula kwetu, na Mama Neema aliweka sheria kwamba mezani pake hapewi kitu asiyekiomba kwa Kiswahili. Binti yetu Neema aliipokea sheria hiyo kwa kununa na kujibu kwa Kiingereza. Nahodha aliitii kama amri ya jeshi. Kwanza alijua "Shemeji, mchicha," baadaye "Shemeji, mchicha upo?" na kufikia mwaka wa pili alikuwa analalamika kwa sentensi kamili kwamba dagaa wa wiki iliyopita walikuwa na chumvi kupita kiasi. Kwa hiyo Toronto ilikuwa na Mchina ambaye dereva wa basi hawezi kuelewana naye, lakini anaweza kubishana na Mhindi wa Upanga. Nilikuwapo siku alipokwenda dukani kwa Mwenyekiti kudai cheo chake bila kunipitia mimi.

"Mwenyekiti," alisema, "mimi nataka kitambaa."

"Kitambaa gani? Cha pazia?" Mwenyekiti akauliza, tayari anageukia rafu.

Nahodha akajishika mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Mwenyekiti alipoelewa alikaa chini kwenye rundo la mazulia, akaniambia, "Fundi, huyu mtu wako atanimaliza." Kitambaa hakupewa. Jumapili iliyofuata alijifunga plasta nyeupe mahali pale pale, refa akamwamuru aitoe, naye akaitoa polepole sana, watu wote sitini wakimtazama.

Kocha wetu alikuwa Mreno wa makamo, muuza vigae vya bafuni, mtu mwenye sauti ya kusikika hadi barabara ya Keele. Kati yake na Nahodha nilisimama mimi, na bila kujisifu naweza kusema niliwalea wote wawili. Kocha alipomwita ng'ombe, nilimwambia Nahodha kwamba kocha anasifu nguvu zake. Nahodha alipojibu kwamba huyu baba arudi kwenye masinki yake, nilimwambia Kocha kwamba mchezaji ameahidi kujitahidi. Wakaheshimiana hivyo kwa misimu miwili. Ufundi wangu ulikwama msimu wa tatu, Kocha alipoandika kikosi ubaoni na Nahodha akasimama, akakifuta kwa kiganja, na kuandika cha kwake, kwa Kichina. Hilo halikuhitaji mkalimani. Kocha akamweka benchi, na akaapa atakaa hapo mpaka aombe radhi. Kuomba radhi hakukuwa miongoni mwa maneno yake manne.

Barua zake kwa mkewe na kwa watu wa timu yake ya zamani alinisomea kabla ya kuzituma, kama mwandishi anayetaka maoni. Zilikuwa ndefu, zenye mpangilio mzuri. Katika moja alisema uwanja wetu hujaa kila wiki. Nilimwuliza hujaa nini. Alifikiri kidogo, akasema, "Majani." Mimi mtu wa treni za nyuma ya kiwanda sikuwa na la kuongeza.

Halafu kikatokea kitu ambacho hata mimi nilishindwa kukifanyia mzaha mbele yake. Alipokuwa ametimiza mwaka mmoja na kitu Toronto, China wakaanzisha ligi ya kulipwa. Viwanja vikajaa kweli kweli, na watu badala ya majani. Aliacha nyumbani kwenda kutafuta soka la kulipwa, na soka la kulipwa likaelekea kwao; walipishana angani. Alikuwa ananunua gazeti la Kichina kila wiki na kulisoma kwetu mezani. Siku moja alitulia kwenye picha ya kijana aliyeegemea gari jipya jeusi.

"Huyu alikuwa akiba yangu," alisema kwa Kiswahili, ili Mama Neema naye asikie. "Hajui kupiga kichwa."

Akalikunja gazeti mara nne, akaomba chai. Mama Neema alimtilia na sukari ya ziada, bila kudai aiombe.

Nilimwuliza faragha kwa nini harudi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hapai. Alikuwa na mkataba, alisema, na mchezaji wa kulipwa huheshimu mkataba. Sasa, mkataba huo niliutafsiri mwenyewe. Ulikuwa kurasa mbili, na Mwenyekiti, baada ya yale ya kitambaa, angemwachia aende siku yoyote na kumbebea sanduku.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Agosti ile, msimu wa tatu, alipokuja mlangoni kwetu jioni ya Jumatatu, akaingia bila kuvua viatu. Hajawahi kuingia kwetu na viatu. Alikaa, akaomba maji, na alipopewa ya baridi akayanywa. Kocha wake wa zamani, mzee aliyemfundisha tangu ana miaka kumi na mitano, alikuwa amefika Toronto kumwona binti yake aliyeolewa Scarborough. Alikuwa amepiga simu. Jumapili atakuja kumwona nahodha wake akicheza.

"Mzee anajua nini?" nilimwuliza.

"Anajua barua."

Akatuomba mambo mawili. Moja, acheze. La pili alilisema kwa taabu, kwa Kiswahili, akimtazama Mama Neema na si mimi: "Shemeji, nataka watu."

Nakiri kwamba nilicheka, naye akaniacha nicheke. Mama Neema hakucheka. Alishaanza kuuliza ni watu wangapi.

Kesho yake nikaenda dukani kwa Kocha. Sikupamba kitu, nilimweleza habari yote, barua na uwanja na mzee wa Scarborough. Alisikiliza huku anapanga vigae vya bluu. Alipomaliza safu alisema kwamba kule Ureno kuna mtu anaamini mpaka leo kwamba yeye anafundisha timu ya daraja la kwanza, na mtu huyo ni mama yake. Jumapili Nahodha ataanza. Yule Mjamaika fundi bomba naye aliposikia alivua kitambaa siku ya mazoezi na kumtupia Nahodha, akisema tu kwamba kinambana.

Watu tulikwenda kuwatafuta kanisani. Kulikuwa na kanisa la Waswahili lililokodi ukumbi wa chini wa shule moja palepale Mount Dennis, Wazaire na Warundi, watu waliopita katika mambo ambayo sitayagusa katika habari ya mpira. Mchungaji alikuwa mtu wa Bukavu, na ujanani alikuwa kipa. Nilianza kumweleza kwa mbali, akanikatiza.

"Tutakuya, ndugu," alisema. "Lakini batu batatoka ku kanisa saa saba, na bakitoka kanisa banakuwa na njaa."

Kwa hiyo ikawa pia karamu. Mama Neema na akina mama wa kanisa walipika siku mbili. Mwenyekiti, aliyesema katika simu kwamba huu ni wazimu na hataki kuhusishwa, alitokea Jumapili na magari matatu kutoka Unionville, shangazi, wajomba, viti vya kukunja, na sinia za sambusa zilizofunikwa kwa karatasi ya fedha.

Mzee wa Shenyang alikuwa mdogo wa umbo, amevaa koti la kijivu katika joto lile, mikono ameiweka juu ya magoti. Nilimketisha kando yangu. Upande wa pili wa uwanja kwaya nzima ilikuwa imesimama na sare zake za zambarau, ngoma mbili na kayamba, kwa sababu hawakupata nafasi ya kubadilisha nguo. Walikuwa zaidi ya mia mbili, pamoja na watoto. Timu pinzani ilipotoka chumbani ilisimama kidogo mlangoni, ikadhani imekosea uwanja.

"Hawa wote ni mashabiki wake?" mzee aliniuliza.

Nikasema ndiyo.

"Wanaimba nini?"

Wimbo ulihusu ulinzi. Nilimwambia wanausifu ulinzi. Sikueleza wa nani.

Nitasema sasa jambo ambalo sikutarajia kulisema. Kwa misimu miwili na nusu nilimtazama mtu huyu kama kichekesho kilicholetwa kwangu kila Jumapili, na siku ile nikaona alichokuwa akikisema wakati wote. Hakukimbia sana. Alikuwa amekwishafika kila mahali mpira ulipokuwa unaelekea. Aliwapanga wenzake kwa kidole na kwa Kichina, nao wapishi na mpeleka barua wakaenda alikoelekeza, kana kwamba Kichina ni lugha ya nyumbani kwao. Tulipata bao moja kipindi cha kwanza, la bahati, kwa goti la mwanafunzi. Kipindi cha pili winga wao, kijana mwenye kasi, alimtoka, akamzidi kwa hatua tatu, akampita na kipa. Nahodha aligeuka. Sijui alizipata wapi hatua zile. Alijitupa akauondoa mpira kwenye mstari wa goli kwa ncha ya kiatu, na goti lake la kulia likagonga mlingoti kwa sauti tuliyoisikia sisi tuliokaa.

Kwaya ilisahau wimbo, ikapiga vigelegele tu. Mchungaji alikuwa ameingia uwanjani na Biblia mkononi. Nahodha alikaa chini muda wa kutosha kwa mshika kibendera kuanza kumwendea, kisha akainuka, akavuta soksi, akaelekeza kidole kwa mpeleka barua aliyekuwa amesimama vibaya. Alimaliza mechi. Tulishinda kwa bao lilelile. Mzee kando yangu hakupiga makofi. Alikuwa anaangalia lile goti.

Tukala katika ukumbi wa kanisa, ugali, sombe, yaani kisamvu cha kwao, kuku na sambusa za Unionville. Mzee alikula kwa mkono kama alivyoona wenyeji wakila, na alimsikiliza kila aliyekuja kumsalimu ingawa hakuelewa kitu. Halafu akaweka mkono mezani, mbele ya Nahodha, na nikasikia kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kusikia Kichina.

"Rudi nami," alisema. "Timu ya pili haina kocha. Na msimu mmoja wa kucheza tutakutafutia. Mkeo amechoka kungoja."

Nahodha alikuwa bado ana kitambaa mkononi. Alisema, "Nina mkataba."

Mzee akanigeukia mimi. Aliniuliza kwa upole kabisa kama ni kweli kwamba hawa watu hawawezi kumwachia.

Ningeweza kusema ukweli. Mwenyekiti alikuwa hatua kumi pale, anagawa sambusa, na kwa neno moja angetia saini juu ya leso ya karatasi. Nahodha hakunitazama. Alikuwa anatazama kuku wake.

"Ni kweli," nikasema. "Hawawezi."

Mzee alitikisa kichwa, akashukuru kwa chakula, na binti yake akaja kumchukua. Mlangoni alimshika Nahodha shingoni kwa nyuma, kama mtu anavyomshika ndama, akamwacha.

Nahodha alicheza mechi tano zaidi, zote akiwa amefunga goti. Majira yaliyofuata hakuweza kupanda ngazi za jengo letu bila kushika ukuta. Alipasuliwa, akaambiwa basi. Mwenyekiti naye alichoka na mpira, akaifunga timu, akasema mazulia hayahitaji kipa. Nahodha alipata kazi katika kiwanda cha tambi Markham, akahamia huko. Alikuja kwetu sikukuu mbili tatu. Baadaye ikawa simu, na baadaye hata simu ikakoma, kama inavyokuwa kwa watu wa zamu tofauti.

Lakini jibu lile la ukumbini lilibaki na mimi. Nilikuwa nikisimama kwenye mashine ya ndoo na kujiambia: wewe uliyezoea kurekebisha maneno ya watu, safari hii umerekebisha maisha ya mtu. Kule angekuwa kocha, mwenye nyumba, mwenye gari jeusi. Ulimwekea plasta aibu yake ya siku moja, ukamfanya mpika tambi. Mama Neema aliniambia mara moja kwamba mtu mzima hujua alichoomba. Haikunisaidia sana.

Tulikutana tena mwishoni mwa miaka ya tisini, mwezi Machi, katika ukumbi wa North York, tulipokwenda kula kiapo cha uraia. Siku hizo Tanzania haikukubali mtu awe na nchi mbili, na China vilevile, kwa hiyo ukumbi ule uliojaa bendera ndogo za karatasi ulikuwa mahali pa kuachana na kwenu kwa tabasamu na kahawa ya bure. Nilimwona safu mbili mbele, mabega yaleyale, ndani ya suti iliyomzidi kidogo. Tuliapa. Hakimu akatupongeza, akasema tumefika nyumbani. Watu wakaanza kupiga picha.

Alinikuta karibu na meza ya kahawa. Alichechemea, lakini kidogo. Pembeni yake alikuwa mwanamke mwembamba aliyevaa koti jekundu, mkewe, aliyekuwa amefika miezi michache kabla. Tukasalimiana kwa Kichina, sote watatu, kwa heshima zote. Aliniuliza habari za Shemeji na za Neema. Kisha akahamia Kiswahili, cha kutua tua kidogo kwa kukaa bila kutumiwa, na mkewe akabaki anatutazama usoni kwa zamu.

Nikaona nisipouliza siku hiyo sitauliza tena. Nilimwambia kwamba jambo la mzee, la mkataba, linanisumbua. Kwamba nilipaswa kusema ukweli akarudi kwao.

"Wewe ulidhani sikurudi kwa aibu," alisema.

Nikakubali kwamba ndivyo nilivyodhani.

"Goti lilikufa kwetu," alisema. "Kabla ya kuja. Daktari wa timu aliandika kwenye faili: huyu asicheze tena. Mzee mwenyewe alilisoma. Aliniambia, kaa, fundisha watoto. Mimi nikatafuta nchi ambayo hawajui kusoma faili letu." Alikunywa kahawa, akakunja uso kwa ladha yake. "Kule hakuna mtu angeniweka uwanjani, hata dakika moja. Ule msimu mmoja alionitajia ni huruma tu. Hapa nilicheza misimu mitatu. Mitatu ya nyongeza, ndugu yangu. Bure kabisa."

Nilifikiria mswaki wa njumu, beseni la tangawizi, saa mbili na nusu za usiku, mtu anayejihesabia kila siku iliyozidi, na mimi ghorofa ya chini nikimcheka na mke wangu.

Mkewe alimgusa mkono, akamwuliza kwa Kichina tunazungumza nini kwa uzito hivyo.

"Ananiuliza kama nadhani baridi itaendelea," Nahodha alimwambia, bila hata kupepesa jicho.

Mwanamke yule alinitazama. Alikuwa na macho ya mtu aliyesoma barua nyingi. Akaniuliza mimi, kwa adabu, kwamba mimi niliyekaa hapa miaka mingi naonaje.

"Imebaki kidogo," nikamwambia kwa Kichina. "Mwezi ujao utaona majani."

Alicheka, akamfunga mumewe kifungo cha juu cha koti, na wakatoka pamoja kwenda kungoja basi la Markham, yeye mbele, Nahodha nyuma yake akiteremka ngazi moja moja, mkono ukutani.